Foto za watu wa kambi

Pengine ndugu msomaji atajiuliza: foto za familia za askari zinaingia namna gani katika kitabu cha mila na desturi? Hapa tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kutawaza mwami, juu ya majina wanayopewa mapacha. Kambi ya askari si kabila. Haina mwami, haina mlima wake, haina makaburi ya mababu. Lakini mtu aliyekulia Bukavu, Goma, Kisangani ao Lubumbashi anajua ya kuwa watu wa kambi wako na desturi zao. Mtoto wa kambi umsalimie Kiswahili, atakujibu Lingala, hata kama mama yake alizaliwa Walungu. Wanawake wa kambi wanaitana kwa cheo cha bwana zao: mama kapiteni, mama ajida. Wanajua kufunga vyombo vya nyumba nzima kwa nusu saa. Ndoa, kuzaliwa na kilio vinafanyika kwa namna isiyofanana kabisa na ya kijijini, maana wazazi wa bibi na wazazi wa bwana mara nyingi hawajaonana hata siku moja. Desturi hizo zinapita toka mama hadi binti tangu miaka zaidi ya 130, na sisi waalimu wa hapa hatukuziandika sana. Kilichobaki mikononi mwa watu ni foto.

Mimi nilianza kuzifikiri kwa sababu ya viatu.

Nilikuwa ninafundisha historia katika darasa la tano sekondari, somo la vyanzo vya historia. Nilikuwa nimechoka kuwaambia watoto kwamba chanzo ni karatasi za arkivu, karatasi ambazo wengi wao hawataziona maisha yao yote. Basi nikaomba kila mmoja alete foto moja ya zamani toka nyumbani, aieleze mbele ya wenzake. Kijana mmoja wa kambi alileta foto nyeusi na nyeupe, yenye kingo za meno-meno kama zile za zamani. Babu yake amesimama katika koti ya kizungu na tai. Bibi yake ameketi kitini, mtoto magotini. Nyuma yao kuna maporomoko ya maji na minazi miwili, vyote vimechorwa kwa rangi kwenye kitambaa. Kijana akasema: «Babu yangu alikuwa askari.» Wenzake wakacheka: «Askari gani? Huyu ni karani!» Binti mmoja wa banki ya mbele akainama juu ya foto, kiisha akasema: «Mwalimu, angalia viatu.»

Viatu vilikuwa vya jeshi. Koti ilikuwa ya fotografe, maana studio nyingi za wakati ule zilikuwa na koti moja ao mbili zilizotundikwa ukutani kwa kuazima wateja, pamoja na tai, saa ya mkono, hata redio isiyolia. Lakini viatu vya kuazima havikuwako, ao havikumtosha. Tangu siku ile, nikipewa foto ya familia ya askari, ninaanza kuiangalia toka chini.

Mbele ya kuongea zaidi juu ya foto hiyo, turudi nyuma kidogo, maana kamera ilifika kambini mbele ya studio kufika mjini.

Force Publique iliundwa kwa dekreti ya mwaka 1888, wakati inchi ilikuwa ya Mfalme Leopold II. Tangu mwanzo askari waliishi na wanawake na watoto. Hiyo haikuwa huruma. Kijana aliyechukuliwa kwa nguvu ao kwa uandikishaji alitumika miaka saba, mbali na kwao. Kiisha uasi wa Luluabourg wa mwaka 1895, wakubwa wa Kizungu waliona ni hatari kuacha watu wa kabila moja pamoja katika kompani moja, basi wakachanganya makabila na kuwatuma askari mbali zaidi na vijiji vyao. Mtu kama huyo, bila mwanamke wa kumpikia, wa kulima kashamba nyuma ya kambi, wa kumwuguza, angekimbia ao angekufa. Leta ilijua hesabu hiyo. Kwa hiyo bibi wa askari alikubaliwa, akahesabiwa, akapewa posho. Ndipo ilipozaliwa ile familia ya pekee: mume wa mashariki, mke wa Kasai, watoto waliozaliwa kila mmoja katika posti yake, na Lingala kuwa lugha ya kuwaunganisha.

Wakati wa vita vya 1914-1918 wanawake hao walitembea nyuma ya jeshi. Toka Kivu askari wetu waliingia Rwanda, Kigali ikachukuliwa mwezi wa tano 1916, na tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka huohuo wakaingia Tabora, chini ya uongozi wa Jenerali Tombeur. Vitabu vya shule vinatupa jina la jenerali na tarehe. Lakini jioni, jeshi likisimama, nani aliwasha moto? Nani alitwanga? Nyuma ya askari kulikuwa wapagazi kwa maelfu, na pamoja nao wanawake, sufuria kichwani, mtoto mgongoni.

Wazungu waliwapiga foto. Kuna kadi za posta nyingi za wakati wa koloni zinazoonyesha kambi za Force Publique: safu za nyumba, askari katika mstari, na kadi zingine ambazo chini yake kumeandikwa kwa Kifaransa, «wake za askari». Ni hayo tu. Mkubwa wa Kizungu anapoonekana, mara nyingi jina lake na cheo chake vinaandikwa. Mwanamke aliyesimama karibu naye hana jina, hana kijiji, hana bwana anayejulikana. Kadi iliuzwa, ikabandikwa timbre, ikaenda Ubelgiji kumsalimia shangazi wa mtu. Leo kadi kama hizo zinanunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya, na mjukuu wa yule mwanamke angeweza kuishika mkononi asijue kwamba anamshika bibi yake.

Jina la kambi yetu ya Bukavu pia linatoka vitani. Watoto wanasema «Saïo» kama vile ni jina la mti ao la mtu. Saïo ni mahali katika Ethiopia, panapoitwa leo Dembi Dolo. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941, Jenerali Mwitaliano Gazzera alijitoa huko pamoja na jeshi lake mbele ya Force Publique iliyoongozwa na Gilliaert. Askari walikuwa wamevuka Sudan, wamepita Asosa na Gambela. Kwa sababu hiyo Kinshasa iko na avenyu za Assossa, Gambela na Saïo, na watu wanapanda teksi humo kila siku bila kujua kwamba wanapita kati ya vita. Kiisha Ethiopia wengine walipelekwa Nigeria, halafu Misri na Palestina. Familia zilibaki kambini. Askari wengi hawakujua kuandika. Kwa mtu wa namna hiyo, foto aliyopigwa mbali ndiyo barua: haisemi mengi, lakini inasema «ningali mzima», na haihitaji karani wa kuisoma.

Kiisha vita, Wabeleji walibadilisha namna ya kuangalia kambi. Nyumba za matofali zilijengwa. Watoto wa askari walipata shule yao, wakaitwa «pupilles». Wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kuoga mtoto katika beseni kwa saa iliyopangwa. Na kamera ikarudi, safari hii na programu. Idara ya habari ya koloni, Inforcongo, pamoja na ajansi yake ya foto Congopresse, ilipiga maelfu ya foto za «Mkongomani mpya»: baba anasoma gazeti, mama anamwaga kahawa, mezani kuna kitambaa cheupe. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo iko sasa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruseli.

Hapa ni lazima nimtaje mtu mmoja, maana ni mtu wa mashariki. Joseph Makula alizaliwa Kisangani mwaka 1929. Aliingia Force Publique, na ni humo jeshini alipojifunza kazi ya foto. Mwaka 1956 akachukuliwa na Congopresse, ambako mafotografe walikuwa Wazungu. Kazi aliyopewa ilikuwa ileile: kuonyesha inchi iliyopangwa vizuri. Lakini ninapoona foto zake ninafikiri kwamba mtu aliyelala kambini mwenyewe anajua mahali pa kusimama. Watu wake hawaonekani kama wamekamatwa. Pengine ninajidanganya, kwa sababu ninajua jina lake na ninajivunia. Mwalimu naye ni mtu.

Jambo ambalo foto za miaka ile hazionyeshi ni mshahara na cheo. Mwaka 1960 Force Publique ilikuwa na askari karibu 25.000 na maofisa Wazungu karibu 1.000. Ofisa Mkongomani hakuwako hata mmoja. Ajida aliyetumika miaka ishirini alimpigia saluti kijana Mbeleji aliyeshuka jana toka kwenye ndege, mbele ya macho ya bibi na watoto wake. Tarehe 5 mwezi wa saba 1960, siku tano tu kiisha uhuru, askari waliasi katika kambi ya Thysville na katika kambi Leopold II ya mji mkuu, na kwa siku chache inchi nzima ikawaka. Mtu anayejifunza historia kwa zile foto za kitambaa cheupe peke yake hawezi kuelewa sababu. Ndani yake kila mtu ameshiba na kila mtu anacheka. Mimi ninawaonyesha wanafunzi foto ya namna hiyo, kiisha ninawauliza: nani alilipa filamu? Wakijibu hilo, somo limekwisha nusu.

Kiisha uhuru jina la jeshi lilibadilika mara nyingi: ANC, FAZ, FAC, FARDC. Kitu kimoja hakikubadilika: kambi haipigwi foto. Tangu wakati wa Zaïre kila mtu alijua kwamba kuelekeza kamera kwenye kambi, daraja, uwanja wa ndege ao ofisi ya Leta bila ruhusa ni kujitafutia kifungo. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya wapelelezi, lakini waliolipa bei yake ni wenye nyumba. Familia iliyoishi kambini miaka thelathini haikuweza kujipiga foto mbele ya mlango wake. Ikitaka foto, ilivaa nguo nzuri, ikatoka nje ya kizuizi, ikashuka mjini hadi studio.

Ndiyo sababu, ndugu msomaji, ukifungua albamu ya familia ya askari wa miaka ya 1965 hadi 1990, hutaona kambi. Utaona maporomoko, minazi, ndege iliyochorwa, mji wa Ulaya uliochorwa. Utaona ubatizo mbele ya kanisa na arusi mbele ya komini. Nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma haimo, wala bomba la maji ambapo wanawake walipanga madumu tangu saa kumi ya usiku. Leta ilikuwa na foto za kambi zisizo na majina ya watu. Familia zilikuwa na majina ya watu, lakini hazikuwa na kambi. Vipande hivyo viwili havijakutana, na nani atavikutanisha kama si mtoto wa shule anayeweza kumwuliza bibi yake?

Sasa turudi kwenye foto ya viatu. Kiisha lile somo, kijana alinipeleka kwa bibi yake. Nilimwita koko, kama watu wa kambi wanavyosema. Alitoa sanduku la chuma chini ya kitanda, na ndani yake bahasha. Foto zilikuwa mbili. Ya kwanza tunaijua. Ya pili ilikuwa kadogo, ya uso tu, askari bila kofia, macho makali, ikiwa na alama ya kutu ya agrafe, maana iling'olewa katika karatasi fulani. Koko akazipanga juu ya goti lake akasema:

«Mwalimu, hii kubwa iko yetu. Hii kadogo iko ya Leta. Leta ilimukamata hivi, sura ya kukasirika. Nyumbani hakukuwaka na ile sura.»

Bwana yake alikufa katika miaka ya 1980. Koko alifuata haki ya mjane katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Huko walimwomba karatasi ya ndoa na namba ya jeshi. Karatasi ya ndoa ilikuwako, lakini jina lililomo halikuonekana katika vitabu vya jeshi. Sababu yake ni historia tupu. Bwana aliandikwa jeshini katika miaka ya 1960 kwa jina la Kikristo. Mwaka 1972 Mobutu akaamuru majina ya Kikristo yaachwe, kila mtu akajitafutia jina la mababu, na ndoa ya Leta waliifunga kiisha hapo. Kwa hiyo mtu aliyeoa na mtu aliyetumika walikuwa watu wawili mbele ya karani. Koko akatoa foto kubwa, akaiweka mezani. Karani akamjibu: «Mama, foto si karatasi.»

Miaka ikapita. Foto ikakaa katika bahasha. Ni mjukuu wake, akitayarisha lile somo langu, aliyeigeuza ili aone kama kumeandikwa mwaka. Nyuma kulikuwa muhuri wa studio wa rangi ya zambarau, umefutika nusu, na kwa mkono, kwa kalamu ya wino: jina jipya, namba ya matrikule, na maneno «Kamina 1974». Mzee alikuwa ameandika jina lake la tangu 1972 pamoja na namba yake ya zamani, pembeni mwa kila mmoja. Koko hakujua kusoma, na karani hakugeuza.

Tulikwenda wote watatu. Kwa namba ile, faili ikaonekana, chini ya jina la Kikristo. Karani, ambaye alikuwa mwingine sasa, kijana wa adabu, alishangaa kabisa, akampa koko kiti. Akaandika barua. Barua ikapanda Kinshasa. Mara ya mwisho nilipoonana na koko alikuwa angali anangoja jibu lake.

Ninaandika hayo si kwa kumsikitikia mtu, koko mwenyewe hapendi. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile nilibadilisha somo. Mwanafunzi anaanza na nyuma ya foto, ndipo anaigeuza. Nyuma ndipo kuna muhuri wa studio, na muhuri unakuambia mji. Mji unakuambia mahali bwana alipotumwa. Nyuma ndipo kuna herufi za mtu, na makosa ya kuandika yanayoonyesha alisomea wapi, kama alisoma Kifaransa cha mapadri ao Lingala cha jeshi. Mbele kuna kile mtu alichotaka kuonekana nacho.

Kuna foto ambazo hata mbele yake imeumizwa. Bukavu imeona majeshi yakibadilishana mara nyingi. Mwezi wa nane 1964 waasi walifika mjini, Kolonele Mulamba akawarudisha. Mwaka 1967 mamluki wa Schramme walikamata mji tangu mwezi wa nane hadi mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Mwisho wa mwezi wa kumi 1996 AFDL iliingia, na familia za FAZ zikatoka kwa miguu. Mwaka 1998 tena. Mwezi wa sita 2004 tena. Kila mara watu wa kambi walikuwa na ile nusu saa yao: matelasi, sufuria, dumu, watoto. Na kila mara lilikuja swali la foto. Foto ya bwana katika uniforme ya jana ni hatari leo. Ukikamatwa nayo njiani, utaeleza nini?

Wengine walichoma. Wengine walizika katika mfuko wa plastiki nyuma ya nyumba, na waliporudi hawakukuta nyumba wala alama. Mama mmoja alinionyesha foto ya arusi yake. Bwana hayumo. Alikatwa kwa wembe, vizuri, kwa mstari ulionyooka, katika barabara ya kutoka mjini mwaka 1996. Lakini wembe haukuweza kuondoa vidole vilivyokuwa juu ya bega la bibi-arusi bila kuharibu uso wake, basi vilibaki. Vidole vinne. Bwana mwenyewe hakuonekana tena. Watoto wake wako na vidole hivyo tu. Niliuliza kama hajutii. Akanijibu kwamba kuzizi kimoja kiliwekwa mbele kidogo ya pale, na mwanamke aliyewatangulia alipekuliwa hadi ndani ya kikwembe.

Juu ya miaka ya karibu nitapita upesi, maana kila mtu aliiona. Katika miaka ya 2000, wakati wa kuchanganya majeshi, familia zilifuata brigedi mpya hadi katika hema za plastiki na vibanda vya majani. Misheni ya Ulaya iliyoitwa EUSEC, iliyoanza 2005, ilisaidia kuhesabu askari kwa mashine, vidole na uso, ili mshahara umfikie mtu aliye hai. Ilikuwa kazi nzuri, maana majina ya marehemu yalikuwa yanakula mshahara. Lakini uso ulioingia katika mashine ni wa bwana. Mafotografe wa inchi za nje nao walikuja kwa wingi. Mmoja, Richard Mosse wa Irlandi, alipiga askari na waasi wa Kivu kwa filamu ya pekee inayogeuza majani kuwa ya waridi, na kazi yake ilionyeshwa Venisi mwaka 2013. Niliziona foto hizo kwenye intaneti, milima yetu ikiwa na rangi ya maua. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Wanafunzi wangu walipenda kuuliza: mama wa huyu askari akiiona, atamtambua?

Siku hizi kila askari kijana anajipiga mwenyewe kwa telefone na kumtumia bibi yake foto. Ile sheria ya kambi imevunjika peke yake. Lakini telefone haina nyuma ya kuandikia. Na kufuta ni rahisi kuliko kuchoma: kidole kimoja, hata moshi hakuna.

Pamoja na wanafunzi wa miaka mitano nilikuwa nimeandika foto 43 katika daftari kubwa la mistari. Kila foto ilirudi kwa mwenyewe siku ileile. Hilo ndilo sharti tulilowekeana na wazazi. Sisi tulibaki na maneno: nani yuko kushoto, nani yuko kulia, nguo gani, nyuma kumeandikwa nini, nani alitueleza. Zingine nilizipiga kwa telefone yangu, wenye foto wakikubali. Katikati ya mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, watu wa kambi walikuwa wamekwisha kufunga vyombo. Yule kijana wa viatu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, aliondoka pamoja na koko. Sikupata habari ya sanduku la chuma. Kati ya zile foto 43, ninazozijua kwa hakika kwamba zingali mikononi mwa wenyewe hazifiki kumi.

Wenzangu wa komite walinishauri nitoe foto tano ao sita kwa kupamba makala hii. Ninazo. Niliziangalia jioni mbili, nikakataa. Watu waliomo, ao watoto wao, wangali njiani mahali fulani, na sijui kizuizi gani kitawasimamisha kesho, wala kijitabu hiki kitakuwa mkononi mwa nani. Yule mama wa vidole vinne alijua sheria hiyo mbele yangu. Kwa hiyo msomaji asishangae kukuta makala juu ya foto isiyo na foto hata moja. Badala yake ninatoa mstari mmoja wa daftari, kama ulivyoandikwa na yule binti wa banki ya mbele, kwa mwandiko wake mdogo wa kuinamia kushoto:

«Namba 1. Baba, mama, mtoto wa mwaka moja hivi. Studio. Kitambaa cha maporomoko, minazi 2. Mama: kikwembe cha maua, herini, anaangalia mtoto, haangalii kamera. Baba: koti na tai ya fotografe. Viatu vyake mwenyewe. Nyuma: muhuri hausomeki, matrikule, Kamina 1974. Ameeleza: koko. Amesema mtoto alilia sana, ndio maana wote wako karibu kucheka.»